Sura ya Saba: Mstari Mweusi Mgongoni mwa Panya

Panya mweupe wa maabara, mwenye uzito wa gramu 300 hivi, amelazwa kifudifudi. Dawa ya usingizi imeshamkolea, na manyoya ya mgongoni yamenyolewa yote, imebaki ngozi tupu ya rangi ya waridi. Mtafiti anashika rula na kalamu ya wino, anachora mstatili wenye urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 3, kuanzia usawa wa nyonga kwenda mabegani. Anakata pande tatu. Upande wa nne, wa nyongani, haugusi. Anaiinua ngozi taratibu pamoja na utando mwembamba wa msuli ulioshikamana nayo kwa chini, na kila kimshipa kinachochomoza kutoka kwenye nyama ya mgongo anakifunga au kukichoma. Mwishowe kipande kizima kinashikwa na mwili kwa upande ule mmoja tu. Halafu anakirudisha pale pale kilipotoka, anakishona.

Ukimwangalia panya huyo jioni ile, utaona mshono tu. Baada ya siku moja mbili, ncha ya kipande, ile iliyo karibu na mabega, inaiva rangi ya zambarau. Kisha inakuwa ya kahawia. Kufikia siku ya 7 imekauka, nyeusi, ngumu ukiigusa, ilhali upande wa mkia ngozi ni laini na manyoya yameanza kuchipua. Kati ya sehemu hai na sehemu iliyokufa unapita mstari ulio wazi kiasi kwamba unaweza kuufuatisha kwa kalamu juu ya karatasi, ukapima eneo la kila upande.

Jaribio hili lilielezwa mwaka 1965 na Robert McFarlane, mpasuaji wa Kanada, pamoja na wenzake, na tangu hapo limerudiwa katika maabara za kila bara. Dawa nyingi mno zimepimwa kwa kutazama kama zinausogeza mstari ule mweusi. Swali ninalotaka tulishike katika sura hii linatangulia dawa zote hizo: kwa nini ngozi inakufa hapo, isife sentimita mbili mbele au sentimita mbili nyuma?

Kipande cha ngozi kinachoinuliwa huku kikibaki na mishipa yake ya damu, wapasuaji hukiita flapu. Ni kitu tofauti na ngozi ya kupandikiza. Ngozi ya kupandikiza huchunwa nyembamba, hutenganishwa kabisa na mwili, hulazwa juu ya kidonda na kungoja kidonda chenyewe kiilishe. Kidonda kikiwa na nyama yenye damu, ngozi inashika. Lakini mchukue kijana aliyepata ajali ya bodaboda, mfupa wa muundi ukabaki nje. Ukilaza ngozi nyembamba juu ya mfupa uliochunika haishiki, maana mfupa huo hauna cha kuilisha. Kijana huyo anahitaji ngozi inayokuja na damu yake. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa aliyeondolewa taya kwa sababu ya saratani, na kwa mtoto aliyeungua hadi kidevu kikashikana na kifua. Mpasuaji asipojua flapu itaishi hadi wapi, humwachia mgonjwa vidonda viwili badala ya kimoja.

Watu walitumia flapu kabla ya kujua damu inazungukaje. Maandishi ya kale ya India yanayohusishwa na Sushruta yanaeleza namna ya kutengeneza pua kwa ngozi ya shavu. Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alichapisha kitabu kikubwa mwaka 1597 akionyesha kwa michoro jinsi ngozi ya mkono wa juu inavyoshonwa puani, mkono wenyewe ukifungwa kichwani kwa majuma kadhaa mpaka ngozi ishike upande wa pili. Jambo moja katika kazi yake linahitaji kukumbukwa. Hakuiinua ngozi yote siku moja. Alianza kwa kukata kingo mbili, akaiacha kwanza, na baada ya muda ndipo alipokata upande mwingine. William Harvey alichapisha maelezo yake ya mzunguko wa damu mwaka 1628, miaka 31 baadaye, na kapilari hazikuonekana mpaka mwaka 1661, pale Marcello Malpighi, naye mtu wa Bologna, alipotazama pafu la chura kwa hadubini. Tagliacozzi alikuwa amegundua kwa mikono kitu ambacho sayansi ilikuja kukieleza karne nne baadaye.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta hospitalini nyuso zilizopasuliwa na vipande vya mabomu kwa wingi usiowahi kuonekana. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Sidcup, Uingereza, mwaka 1917 alianza kuukunja ukanda wa ngozi na kuushona uwe bomba, ncha zote mbili zikiwa bado mwilini, kisha kuihamisha ncha moja hatua kwa hatua hadi usoni. Vladimir Filatov wa Odessa alifikia njia hiyo hiyo karibu wakati uleule. Katika kizazi hicho kanuni moja ikakaa vichwani mwa wapasuaji: urefu wa flapu upimwe kwa upana wa msingi wake. Mguuni urefu usizidi upana. Usoni, penye damu nyingi, unaweza kwenda mara kadhaa. Unataka flapu ndefu? Panua msingi.

Kanuni hiyo ilifika hadi kwetu. Archibald McIndoe, ndugu wa ukoo wa Gillies na mwanafunzi wake wa kazi, aliwatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili kule East Grinstead. Mwaka 1941 wagonjwa wake waliunda chama chao wakakipa jina la simbilisi, mnyama wa maabara, kwa kuwa walijua kwamba mengi waliyokuwa wakifanyiwa hayajawahi kujaribiwa kwa mtu mwingine. Chama kilifikia wanachama zaidi ya 600. Mwaka 1957 McIndoe, pamoja na Michael Wood na Thomas Rees, wote wapasuaji wa fani hii ya kurekebisha maumbile, walianzisha huduma ya kupeleka madaktari kwa ndege katika sehemu za mbali za Afrika Mashariki, huduma tunayoijua leo kwa jina la Amref. Wazo lenyewe lilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hata wapasuaji hawa mahiri walikuwa wamelelewa katika zama za rula.

Aliyeivunja kanuni alitumia nguruwe. Stuart Milton, mpasuaji wa Uingereza, aliinua kwenye mbavu za nguruwe flapu zenye upana tofauti, nyembamba na pana, zote zikilishwa kwa namna ileile. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 yalikuwa mepesi kuyaeleza na magumu kuyameza: flapu pana haikuishi kwenda mbali kuliko flapu nyembamba. Zilikufa kwenye urefu uleule. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Ukipanua msingi unaongeza idadi ya mishipa inayoingia, lakini kila mshipa una msukumo uleule wa damu, na hakuna hata mmoja unaoipeleka damu mbali kuliko mwenzake. Milton aliliita jambo hili udanganyifu wa uwiano wa urefu na upana, tena aliliweka neno hilo kwenye kichwa cha makala yake. Nadhani makala hiyo ni miongoni mwa kazi bora kabisa za upasuaji za karne iliyopita, kwa sababu ilichukua kitu ambacho kila mwanafunzi alikikariri, ikakiuliza ushahidi, ikakikosa.

Kama upana hausaidii, nini kinasaidia? Mshipa. Mwaka 1965, mwaka uleule wa panya wa McFarlane, Vahram Bakamjian wa Buffalo, Marekani, alieleza flapu ndefu ya kifuani, inayoanzia karibu na mfupa wa kidari kwenda begani, iliyozidi vipimo vyote vya zamani na bado ikaishi. Siri yake ni matawi ya ateri yanayopenya kati ya mbavu na kukimbia ndani ya ngozi kufuata urefu wa flapu yenyewe. Mwaka 1973 Ian McGregor na mwenzake Morgan waliweka mpaka uliokuwa unangojewa: kuna flapu zenye ateri maalumu inayopita kwenye mhimili wake, na kuna flapu za kubahatisha, zinazotegemea vimshipa vyovyote vilivyokutwa kwenye msingi. Ile ya mgongoni mwa panya kwa kawaida huwekwa kwenye kundi hili la pili. Tutaona kwamba si sahihi kabisa.

Hapa inabidi tuchimbe ngozi yenyewe. Chini ya tabaka la nje, ambalo halina damu, kuna wavu wa mishipa midogo sana karibu na uso wa ngozi, na wavu mwingine mnene zaidi kwenye sakafu ya ngozi, pale inapokutana na mafuta. Nyavu hizi zinabeba damu nyingi kuliko inayohitajika kuilisha ngozi, kwani kazi yake kubwa nyingine ni kupoza au kutunza joto la mwili. Ndiyo maana ngozi inaweza kuishi kwa damu kidogo sana, na ndiyo maana upasuaji wa flapu unawezekana. Lakini nyavu lazima zijazwe kutoka chini, na njia ya kuzijaza inatofautiana kutoka mnyama hadi mnyama.

Mshike paka au panya ukosi. Ngozi inakuja yote mkononi, inateleza juu ya mwili. Ni ngozi legevu. Mjaribu nguruwe vivyo hivyo na hutapata cha kushika. Ngozi yake imegandamana na mafuta na nyama iliyo chini, na ya binadamu kwa sehemu kubwa iko hivyo. Wanyama wenye ngozi legevu wana tabaka la msuli lililotandaa chini ya ngozi na kushikamana nayo. Kila aliyechunga ng'ombe ameliona likifanya kazi: nzi anatua ubavuni, na ngozi pale inatetemeka peke yake bila ng'ombe kuhama. Binadamu tumebakiwa na masalia yake, hasa kwenye shingo.

Tofauti hii ndiyo inayopanga mishipa. Kwenye ngozi legevu, mishipa mikubwa hujitokeza sehemu chache, mara nyingi karibu na kwapa, kinena na mikunjo mingine ambako ngozi imeshikwa, kisha inakimbia mbali ikiwa sambamba na uso wa ngozi, ndani ya tabaka lile la msuli au juu yake tu. Mishipa ni michache, mirefu na minene. Kwenye ngozi iliyoshikamana, vimshipa vingi vifupi hupanda wima kutoka kwenye misuli, kila kimoja kikilisha eneo dogo. Mwenye ngozi ya kuteleza hawezi kuwa na mishipa mingi ya wima; ingekatika kila mnyama anapojikunja.

Sasa mrudie panya wetu. Ngozi ya kila upande wa kiwiliwili chake inalishwa kwa mbele na ateri inayoshuka kutoka kwapani kufuata ubavu. Kwa nyuma kuna ateri inayozunguka nyonga na kutoa tawi linalopanda kiunoni. Katikati, jozi kwa jozi, vimshipa vinachomoza kati ya mbavu na pembeni mwa pingili za kiuno. Tumboni kuna ateri ya juujuu inayotoka kwenye ateri ya paja, ikapita kinenani na kugawanyika mara mbili ndani ya ngozi ya tumbo. Mpasuaji anapoinua mstatili wa mgongoni wenye msingi nyongani, vile vya mbavuni na kiunoni vyote vinakatwa. Ya nyonga huenda ikabaki, huenda ikakatwa, kutegemea kalamu ilianzia wapi. Ikibaki, flapu ile si ya kubahatisha, ina mhimili. Mtafiti wa maabara ya pili akisogeza mstari wake chini kwa sentimita moja, anapata mnyama tofauti kabisa, ingawa katika ripoti zote mbili imeandikwa flapu ya McFarlane. Watafiti wengine wameweka msingi upande wa kichwa, na hao damu yao inatoka kwingine. Kulinganisha matokeo yao bila kujua mishipa iliyobaki ni kupoteza muda na, lililo baya zaidi, ni kupoteza maisha ya wanyama.

Namna ya kuijua mishipa hiyo ni kazi ya mikono inayostahili kuelezwa. Mnyama akishakufa chini ya dawa, mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri kubwa na damu huoshwa kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Kisha husukumwa rojo la jelatini lililochanganywa na oksidi ya risasi, unga mzito wa rangi ya machungwa. Lazima liwe vuguvugu wakati wa kusukuma, la sivyo linaganda njiani. Lazima msukumo uwe wa wastani, la sivyo vimshipa vinapasuka. Unajua limefika pale masikio na nyayo zinapoanza kuwa na rangi ya machungwa. Mnyama huwekwa kwenye jokofu hadi jelatini ishike, ndipo ngozi yote huchunwa, hutandazwa bapa na kupigwa eksirei. Risasi inazuia miale, na kila mshipa unatokea mweupe juu ya filamu nyeusi.

Carl Manchot, akiwa mwanafunzi tu kule Strasbourg, alichora mishipa ya ngozi ya binadamu mwaka 1889, miaka 6 kabla ya Röntgen kugundua eksirei, kwa kisu na macho yake. Michel Salmon wa Marseille alirudia kazi hiyo kwa eksirei na kuichapisha mwaka 1936. Vitabu vyote viwili vilikaa miaka mingi bila wapasuaji kuvijali. Ian Taylor na John Palmer, huko Melbourne, Australia, wakavifufua. Mwaka 1987 walichapisha ramani ya mwili mzima wa binadamu: kwa wastani mishipa 374 yenye upana wa nusu milimita au zaidi inayotoboa kuja kwenye ngozi, na mwili wote ukiwa umegawanyika katika maeneo 40, kila eneo likiwa mali ya ateri yake moja kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfupa. Maeneo hayo waliyaita angiosomu. Mwaka 1992 Taylor, safari hii na Toshiharu Minabe, alitoa ramani za wanyama, na ilionekana kwamba mpango ni uleule: maeneo yaliyopakana, yakaunganishwa mipakani.

Kwenye mipaka hiyo ndiko liliko jibu la swali letu. Ukiifuata ateri moja kwenye filamu, unaiona inanyauka kadiri inavyokwenda, mpaka inakuwa nyembamba sana. Halafu inaungana na ncha nyembamba ya ateri ya jirani, inayonenepa tena kuelekea kwake. Vile viungo vyembamba nitaviita mishipa mikabaji. Wachagga wa Kilimanjaro wanaogawana maji ya mfereji wataielewa hali hii upesi: mashamba mawili yana mifereji yake, na kati yao kuna kijitundu kilichofungwa nusu. Kila mfereji ukiwa na maji yake, kijitundu hakina kazi. Chanzo cha shamba moja kikikauka, maji ya jirani yanavuka pale, ila kidogo kidogo. Yakivuka hapo hufika shamba la pili. Ya kufikia shamba la tatu, kupitia kijitundu cha pili, huwa yamekwisha nguvu.

Ngozi inafanya hivyohivyo. Majaribio ya Callegari, Taylor na wenzao ya mwaka 1992 kwa mbwa, nguruwe na sungura yalionyesha kwamba ateri iliyoachwa kwenye msingi hulisha eneo lake, kisha kwa kawaida hulimudu eneo moja la jirani. Mstari wa kifo huangukia kwenye mpaka wenye mishipa mikabaji ulio mbele ya hapo. Mgongoni mwa panya damu ya msingi inavuka mpaka wa kwanza, inakwama kwenye unaofuata, na ngozi iliyobaki inakuwa nyeusi. Kinachoamua ni idadi ya mipaka kutoka kwenye ateri hai, na rula haiwezi kuihesabu.

Kutokana na hilo desturi ya Tagliacozzi inaeleweka. Ukikata sehemu tu ya mishipa inayolisha kipande, kisha ukasubiri, ile mikabaji inapanuka. Haipanuki kwa muda na kurudi; chembe za kuta zake zinaongezeka na kukua, na njia inabaki pana daima. Taylor na wenzake waliona kwamba upanukaji mkubwa unatokea kati ya saa 48 na 72. Wapasuaji huita hatua hii kuchelewesha, na ukimwinua mnyama huyo flapu ileile baada ya siku kadhaa, mstari mweusi unasogea mbali au hauonekani kabisa. Hakuna dawa iliyotumika. Mwili umetengeneza barabara kwa kulazimishwa.

Ateri moja yenye mhimili mzuri inaweza kufanya zaidi ya hapo: inaweza kukatwa na kushonwa kwingine. Mwaka 1960 Julius Jacobson na Ernesto Suarez wa Vermont walionyesha kwamba mishipa midogo inaweza kuungwa chini ya hadubini. Harry Buncke, katika maabara aliyoianzisha kwenye gereji ya nyumba yake huko California, alishindwa mara nyingi kabla ya kufaulu kurudisha sikio la sungura lililokatwa kabisa. Taarifa yake ilitoka mwaka 1966. Alichagua sikio kwa sababu ya mishipa yake. Mwelekeze sungura kwenye mwanga na utaiona ateri moja inayopita katikati ya sikio, na vena zinazofuata kingo. Hakuna flapu inayojieleza wazi kuliko hiyo. Mwaka uliofuata Berish Strauch na Murray walihamisha ngozi ya panya kwa kuunga mishipa yenye upana usiofika milimita 1.

Flapu ya kinena cha panya imekuwa shule ya dunia nzima. Ngozi ya tumbo inainuliwa ikining'inia kwa ateri na vena ile ya juujuu, na kinachofanyiwa kazi ni mishipa ya paja, yenye upana wa karibu milimita 1, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukifungua kibano baada ya mshono wa mwisho, damu inapita, na ngozi iliyokuwa nyeupe kama karatasi inarudia uwaridi ndani ya sekunde chache. Ukiibonyeza kwa kidole inapauka, ukiachia inarudi. Ikibaki nyeupe na baridi, ateri imeziba. Ikivimba na kuwa zambarau, ateri inaleta na vena haitoi, na hali hiyo nayo inaua. Mwaka 1973 Rollin Daniel na Ian Taylor waliihamisha ngozi ya kinena cha mgonjwa huko Melbourne hadi mguuni kwake kwa njia hii. Kinena kwa kinena, kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu. Bila mazoezi ya wanyama sioni mikono hiyo ingepatikana wapi.

Sungura walifundisha pia kwamba mshono mzuri hautoshi. Mwaka 1978 James May na wenzake walitenganisha flapu za tumbo la sungura na damu kwa muda mbalimbali, kisha wakairudisha. Kadiri muda ulivyorefuka, ndivyo damu ilivyozidi kukataa kuingia kwenye kapilari hata kama ateri ilikuwa wazi kabisa, na baada ya saa 12 hali haikuweza kurekebishwa. Chembe za kuta zilikuwa zimevimba na njia kuziba kutoka ndani.

Pamoja na hayo yote, mnyama asichukuliwe kuwa binadamu mdogo. Vidonda vya panya hujifunga kwa kujivuta, kwa sababu ngozi yake inateleza. Vyetu hujaa nyama na kufunikwa taratibu. Mtafiti asipolikumbuka hilo atapima flapu iliyonywea na kudhani iliyokufa ni ndogo. Ngozi ya panya ni nyembamba mno hata huweza kunyonya chakula kutoka kwenye kidonda kilicho chini yake, kana kwamba ni ya kupandikiza. Ndiyo sababu maabara makini hutandika karatasi ya silikoni chini ya flapu. Panya huitafuna ngozi iliyokufa ganzi, na sehemu iliyotafunwa ikahesabiwa kuwa imekufa kwa kukosa damu. Nguruwe anatukaribia zaidi kwa ngozi, lakini ni ghali, ni mzito, na anakua haraka. Dawa nyingi zilizousogeza mstari mweusi wa panya hazikuwahi kufika kitandani kwa mgonjwa, na naamini sababu mojawapo ni kwamba walioziandikia ripoti walitazama mstari wakasahau kutazama mishipa. Hata hivyo, onyo la nikotini limesimama: panya wanaopewa nikotini hupoteza ngozi zaidi, na ndiyo maana mpasuaji anamwambia mvutaji aache sigara kabla ya flapu.

William Russell na Rex Burch, Waingereza, walichapisha mwaka 1959 kitabu kinachowadai watafiti mambo matatu: kutomtumia mnyama pale njia nyingine ipo, kupunguza idadi yao, na kupunguza maumivu yao. Katika upasuaji wa flapu la kwanza linaanza kutimia. Mwanafunzi anaweza kushona ateri ya paja la kuku wa buchani mara nyingi kabla ya kuruhusiwa kumgusa panya aliye hai. La pili linategemea ramani. Tumbo la panya lina ateri mbili za juujuu, ya kushoto na ya kulia, zinazofanana. Unaweza kuinua flapu mbili kwa mnyama mmoja, ukaijaribia moja matibabu yanayowekwa pale pale tu na ya pili ukaiacha ya kulinganishia, na idadi ya wanyama ikapungua kwa nusu. Kuna sharti: maeneo ya ateri hizo yanapakana kwenye mstari wa katikati ya tumbo, na mishipa mikabaji inavuka pale. Usipoukata mstari huo wa katikati, upande mmoja utaulisha mwenzake, na vipimo vya pande zote mbili havitakuwa na maana.